Hesabu Iliyosomwa kwa Jina Langu

Nilikwenda kwenye matanga ya Ami Athman kwa ajili ya mjane wake, Bi Khadija, si kwa ajili yake. Bi Khadija alikuwa ameketi mkekani katika chumba cha ndani, amejifunika miguu kwa leso, na aliponiona alinivuta akanikalisha ubavuni mwake kama alivyozoea zamani. "Salma," akaniambia, "marehemu alikuwa akikutaja sana. Akisema hajapata kuona mtu wa hesabu kama wewe." Wanawake waliokuwa karibu wakaitikia mashallah. Mmoja akauliza mimi ni nani wake, na Bi Khadija akajibu kwa fahari kwamba mimi ndiye niliyepiga hesabu za kile kisima cha mtaa, miaka ile. Yule mwanamke, mtu mzima kama mimi, akanitazama mara ya pili. "Kile kilichoingia chumvi?" akauliza. Bi Khadija akageuka kumpokea mgeni aliyekuwa akivua viatu mlangoni. Nikasema ndiyo, kile.

Nilipofika nyumbani sikuweza kula. Nimekuwa mwalimu wa hesabu karibu umri wangu wote wa kazi, nimestaafu, nina wajukuu, na ningedhani jambo la mwaka mmoja wa ujana limekwisha kunitoka. Halikunitoka. Watu wema wameniambia mara nyingi kwamba hakuna aliyekufa, kwamba maji ni maji tu. Huenda ni kweli. Lakini nataka niueleze mwaka ule mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwa sababu kila aliyewahi kuueleza mtaani kwetu ameanza na jina langu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu Nairobi na shahada ya hesabu, nikingoja kupangiwa shule, na shule haikuja. Nikakaa kwa shangazi yangu, Bi Rehema, Mji wa Kale, katika chumba cha juu ambacho dirisha lake lilitazamana na ukuta wa jirani kwa karibu hata harufu ya vitunguu vyao ilikuwa yetu pia. Mifereji ya majumbani ilikuwa imekauka kwa muda mrefu. Kila alfajiri nilisikia magurudumu ya mikokoteni ya wauza maji yakigonga mawe ya kichochoro, na wanawake wakigombana kwa sauti ya chini, maana watu bado walikuwa msikitini. Waliokuwa na visima uani walishukuru Mungu. Shangazi alikuwa nacho kimoja, chembamba, maji yake yakiwa na uzito kidogo mdomoni lakini chai ikitoka vizuri, na majirani wakija na ndoo zao wakisema, "Hodi, Bi Rehema, twaomba mayi," naye hakuwahi kumkataza mtu.

Ami Athman hakuwa ami yangu wa damu. Alikuwa mtu wa mtaa wetu aliyekwenda Uarabuni akafanya kazi miaka mingi kwenye visima vya mafuta, akarudi na goti bovu, heshima kubwa, na kompyuta. Sote tulimwita Injinia mbele za watu na Ami tukiwa majumbani. Aliishi Ganjoni, ghorofa ya pili, na chumba kimoja cha nyumba yake alikifanya ofisi. Aliposikia kwa shangazi kwamba nimesoma hesabu na nimekaa bure, alituma salamu niende. Shangazi alifurahi kuliko mimi. Akanipigia pasi buibui langu mwenyewe.

Siku ya kwanza alinikalisha mbele ya kompyuta, feni ikituvumia mgongoni, Bi Khadija akiingia na kutoka na sahani za viazi karai na chatne ya ukwaju. "Sikiza, mwanangu," akaniambia. "Kule kwenye mafuta, gesi na mafuta hupanda katika bomba moja. Haviendi sawasawa. Gesi nyepesi, hukimbia. Mafuta mazito, husitasita. Nawe huwezi kuingia bombani ukatazame. Sasa wafanyaje? Watengeza bomba jingine ndani ya kompyuta, bomba la hesabu. Ukalikata vipande vipande, kutoka juu hata chini, na kila kipande wauliza: hapa msukumo ni kiasi gani? Hapa gesi ni kiasi gani, maji ni kiasi gani?" Nikamwuliza Mombasa mafuta yako wapi. Akacheka. "Mafuta hakuna. Maji yako. Sisi tutatia hewa kisimani kwa kompresa. Hewa ikichanganyika na maji, maji huwa mepesi, hupanda yenyewe. Hakuna pampu ya kuharibika chini huko. Mtaa mzima utakunywa." Alikuwa amepata wafadhili wa mradi, wakimtaka awapigie hesabu za kisima kirefu kitakachochimbwa uwanjani nyuma ya madrasa yetu. Programu aliyokuja nayo ilikuwa ya mafuta, imeandikwa na watu wengi, imejaa viraka. Kazi yangu ingekuwa kuiandika upya kwa maji na hewa.

Sijui nitaielezaje furaha ya miezi ile kwa mtu ambaye hajawahi kupewa kazi inayomtosha. Nilitembea kila asubuhi kutoka Mji wa Kale hadi Ganjoni, na njia nzima nilikuwa nikikata bomba vipande kichwani. Unakisia msukumo wa chini, unapanda nao kipande kwa kipande, ukifika juu unakuta umekosea, unarudi chini na kisio jipya, na kompyuta hufanya hivyo bila kuchoka mpaka juu na chini vikubaliane. Umeme ulipokatika tulipoteza kazi ya asubuhi nzima, na Ami Athman, badala ya kukasirika, alimwita Bi Khadija alete kahawa, akatueleza habari za jangwani. Alisema "hesabu yetu". Alipotembelewa na wageni alinitambulisha: "Huyu ni mwenzangu, Salma." Mwenzangu. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba mtu mzima wa heshima yake hakulazimika kutumia neno lile.

Wa tatu wetu alikuwa Mwakio, fundi wa kompresa, Mtaita mpole aliyekuwa akifanya kazi gereji za Kilindini kabla Ami Athman hajamchukua. Ndiye aliyetaka tuone kwa macho. "Mimi siamini kitu ambacho sijakishika," alisema, akaja na mpira mrefu wa kupitishia maji, unaoonyesha ndani, akaufunga wima kwenye nguzo ya kamba ya nguo juu ya paa, na chini yake akaunganisha kompresa ndogo ya kujazia magurudumu. Bi Khadija akatoa rangi nyekundu ya kutilia halua, tukaitia kwenye maji ya mpira. Hewa ilipokuwa kidogo tuliona viputo vidogo vikipanda kimoja kimoja, na maji hayakufika juu. Ilipoongezwa, viputo vikashikana vikawa madonge, na kila donge likabeba tonge la maji mbele yake, yakamwagika juu vizuri. Ilipozidi, hewa ikapita katikati kwa kasi, maji yakabaki yameng'ang'ania kuta za mpira, na mara yakatema, yakamrukia Bi Khadija usoni na kwenye leso yake mpya. "Mwaniua!" akapiga kelele, na tukacheka mpaka jirani akatoa kichwa dirishani. Jioni ile kompyuta ilitoa picha ileile niliyoiona kwenye mpira: kidogo hakitoshi, kingi kinaharibu, katikati ndipo maji yalipo. Mwakio alikuja kusimama nyuma ya kiti changu. "Sasa naamini," akasema.

Mchana tulikula pamoja, Bi Khadija na mimi upande mmoja wa meza, wao upande wa pili: wali wa nazi, samaki wa kupaka, achari ya embe. Wakati mwingine nikila peke yangu siku hizi hukumbuka meza ile kwanza, kabla ya mengine yote, na hilo hunichukiza. Ingekuwa rahisi zaidi kama pasingekuwa na meza ile.

Jambo lenyewe lilianza na swali langu. Kisiwa chetu ni matumbawe, na maji matamu yaliyo chini yake ni utando tu uliolala juu ya maji ya bahari. Kila mtu wa Mji wa Kale anajua kwamba kisima kikichotwa sana huingia chumvi, na ukikiacha kupumzika hurudi. Nikajiuliza: hewa ikisukumwa kwa nguvu, msukumo wa chini ya bomba unapungua, na ukipungua, ni maji gani yatakayopanda kujaza nafasi, ya juu au ya chini? Nikaiongezea programu sehemu hiyo. Ilinichukua wiki kadhaa, na majibu yalipotoka nilirudia kila kitu tangu mwanzo, kwa sababu sikuyapenda. Kompresa ndogo, bomba fupi, na kisima kupumzishwa, utando ulibaki mahali pake. Kompresa kubwa, ile waliyoipendelea wafadhili, ilitaka bomba lizame sana ili ifanye kazi, na kule chini bahari ilikuwa karibu. Kila nilivyojaribu, chumvi ilipanda. Na haikuwa ya kisima kimoja, kwa kuwa maji ya chini ni yale yale: visima vya uani vilivyo jirani vingefuata.

Nilimweleza Ami Athman mbele ya Mwakio. Alivaa miwani, akapitia kila hatua, akaniuliza maswali ya mtu anayeijua kazi, na mwisho akavua miwani akasema, "Umefanya kazi nzuri sana. Mimi nisingeifikiria." Mwakio akauliza sasa itakuwaje. "Itakuwa tutawaambia ukweli," akasema Ami Athman. "Kompresa ndogo." Nilirudi nyumbani nikipaa. Siku chache baadaye nikiwa jikoni na Bi Khadija tukipepeta mchele, nilimsikia Ami Athman sebuleni akizungumza na mtu wa wafadhili. Sauti ya mgeni ilikuwa chini. Ya Ami Athman ilipanda mara moja: "Lakini mashine ishashuka meli! Ipo Kilindini. Nitawaambia wairudishe vipi?" Bi Khadija akaacha kupepeta. Kisha akasema, bila kunitazama, "Wanaume na mashine zao," akaendelea. Sikuwa na wasiwasi. Nilidhani ni Ami Athman anayepigania hesabu yetu.

Mkutano wa mtaa ulifanyika ukumbi wa madrasa baada ya alasiri. Wanaume chini, sisi wanawake juu nyuma ya pazia, tukisikia kwa spika iliyotundikwa ukutani. Nilikuwa nimekaa kati ya shangazi na Bi Khadija. Ami Athman alisimama, karatasi mkononi, akasalimu, akaeleza habari za hewa na maji kwa ufasaha hata wazee wakawa wanaitikia. Kisha akasema kwamba wapo wanaohofia chumvi, na kwamba yeye naye alihofia, kwa hivyo swali hilo alimpa mtu asiyeweza kulikosea. "Hesabu hizi kazipiga Salma, binti yenu, mwamjua tangu mdogo. Kazipiga kwa kompyuta, kazirudia. Majibu yake ni haya: kompresa kubwa haina madhara. Visima vyenu viko salama."

Wanawake walinigeukia wote wakitabasamu. Mtu akanipapasa mgongo. Nilidhani nimesikia vibaya, nikamtazama Bi Khadija, naye alikuwa akitazama mikono yake. Nikainuka. Shangazi akashika buibui langu. "Kaa kitako." Nikamwambia, "Shangazi, sivyo. Sikusema hivyo." "Nshakwambia kaa. Usitutie aibu mbele za watu." Nikavuta nguo yangu mkononi mwake, nikashuka ngazi, nikasimama kwenye mlango wa wanaume, mahali ambapo wasichana hawasimami, na wanaume wakageuka kunitazama.

"Ami Athman," nikasema, "majibu niliyoyapata siyo hayo. Kompresa kubwa italeta chumvi."

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alinitazama kwa upole uleule wa mezani. "Mwanangu," akasema, "hiyo ilikuwa hesabu ya kwanza. Ilikuwa na kosa, nawe mwenyewe ukalirekebisha. Umesahau? Amechoka," akawaambia wazee, "kafanya kazi sana mtoto huyu." Wazee wakatikisa vichwa kwa huruma. Nikasema hakuna hesabu ya pili, Mwakio alikuwapo, mwulizeni Mwakio. Mwenyekiti wa mtaa, aliyekuwa mtu wa haki, akamwuliza. Mwakio alikuwa amesimama karibu na ukuta, kofia mkononi. Alikuwa amepewa ahadi ya kuiendesha ile mashine kubwa, kazi ya kudumu, hilo nililijua baadaye. Alitazama sakafu. "Mzee, mimi ni fundi wa mashine tu," akasema. "Mambo ya kompyuta siyajui."

Ningeweza kuleta kompyuta yenyewe pale ukumbini na isingesaidia. Nani angesoma? Palikuwa na mtu mmoja tu mwenye uwezo wa kusema kwamba hesabu yangu ni sahihi, naye ndiye aliyekuwa ameishika karatasi. Mwenyekiti akanishukuru, akaniombea dua, akaniambia nikapumzike.

Kisima kilichimbwa. Siku ya kukifungua maji yalitoka kwa kishindo, meupe kwa povu, matamu kabisa, watoto wakaoga na nguo zao. Wanawake walikuja kwa shangazi kunipongeza, na nilipokataa pongezi walisema nina haya. Sikurudi Ganjoni. Ami Athman hakutuma mtu kuniita. Bi Khadija alileta mara moja sinia la kaimati, akaliacha kwa shangazi bila kupanda juu.

Chumvi ilikuja baada ya kiangazi kimoja. Kwanza walilalamika wafua nguo, kwamba sabuni haitoi povu. Kisha kisima kirefu kikageuka chumvi, kisha visima vya uani, kimoja baada ya kingine kuelekea kwetu, kwa mpangilio uleule niliouona kwenye skrini, na kila usiku nilijua ni nyumba gani itakayofuata. Nadhani hilo ndilo lililonichosha zaidi, kuujua mpangilio na kutokuwa na mtu wa kumwambia. Chetu kilipogeuka, shangazi alionja, akatema, akakaa kwenye ukingo wa kisima. Watu waliacha kuja kuomba maji. Walikuja kwa jambo jingine. "Salma," mama mmoja aliniambia kichochoroni, mbele ya wanawe, "ungesema tu kwamba hujui, mwanangu. Tungekusamehe." Kompyuta ya Salma, ndivyo walivyoyaita maji yale. Mtu akinywa akakunja uso, husema, hii ni kompyuta ya Salma.

Ami Athman alikuja kwetu siku moja alasiri, akichechemea, na sanduku la tende mkononi. Shangazi alimkaribisha sebuleni, akaingia ndani nyuma ya pazia kutayarisha kahawa kwa maji ya kununua. Mimi nilikaa mbele yake. Alikuwa amekonda. Alisema anarudi Uarabuni, amepata kazi, kwenye visima vya gesi, na huko wanataka programu kama ile yetu. Ile aliyokuwa nayo yeye haikuwa na sehemu yangu ya mwisho. Hiyo nilikuwa nimeihifadhi kwenye diski zangu peke yake. Akaniomba diski hizo.

"Ile sehemu ya chumvi?" nikamwuliza.

"Ndiyo hiyo. Wana tatizo lilelile, maji ya chini yapanda. Ile kazi yako ni safi, Salma. Sijaona kosa ndani yake."

"Basi toka hapo nje ukawaambie watu."

Akaliweka sanduku la tende mezani. Akasema mashine ilikuwa imeshanunuliwa, angefanyaje, mradi wote ungeondoka na mtaa ungekosa hata hayo maji ya miezi ile. Akasema alitarajia hesabu ikosee kidogo, hesabu hukosea. Akasema alitaja jina langu kwa sababu watu walinipenda, wangetulia. "Nawe u kijana," akasema. "Watu watasahau. Mimi na umri huu ningekwisha."

Nikamwambia diski hapati. Akainuka akishika goti lake, akasema Mungu atuzidishie subira, akatoka bila kungoja kahawa.

Pazia likafunguka. Shangazi alikuwa amesimama na birika mkononi, na uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. "Kumbe ilikuwa kweli," akasema.

Sikumwelewa mara moja. Nilikuwa nimekula naye sinia moja mwaka mzima. Nilikuwa nimemweleza tangu usiku ule wa mkutano, nikilia, kila kitu, na yeye alinipangusa machozi akanikandakanda kichwa. "Kumbe ulidhani nini, shangazi?"

"Nilidhani umekosea," akasema polepole, "ukaona aibu, ukamsingizia mtu mzima."

Aliweka birika chini. Nadhani alitaka kunishika, maana alinyoosha mkono, lakini nilikuwa nimesharudi nyuma. Nikamwambia, vyema, sasa umesikia kwa masikio yako, kinywani mwake mwenyewe. Vaa buibui uende kwa mwenyekiti. Nenda kwa majirani. Wewe watakuamini.

Shangazi akatazama mlango ambao Ami Athman alitokea, kisha lile sanduku la tende juu ya meza. Alikuwa mtu mwema. Hakuna aliyewahi kuniambia vinginevyo, nami sisemi vinginevyo.

"Ya nini tena, mwanangu?" akasema. "Mambo yashapita."